Msaada: Nianze na boksi gani la kantri ya zamani?

Mkericho

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaokusanya kantri ya zamani. Simaanishi Kenny Rogers na Don Williams, hao ninao tayari. Namaanisha ya miaka ya 1920 na 1930: Jimmie Rodgers, Carter Family, wapiga fidla na banjo wa milima ya Appalachia, na bluzi ya Mississippi ya wakati huohuo.

Kwetu Kericho jina la Rodgers si geni. Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis enzi za ukoloni, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950 akakuta wasichana wanamwimba kwa kinubi, wanamwita Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Ndiyo maana nataka kumsikiliza mtu huyu kwa ukamilifu.

Nimeweka akiba. Naona njia mbili. Nichukue boksi moja la Bear Family, kampuni ya Ujerumani inayotoa upya muziki wa zamani, lile la Rodgers lenye CD sita na kitabu, au pesa hiyohiyo ninunue maboksi kadhaa ya JSP, kampuni ya aina hiyohiyo ya Uingereza. Nyimbo ziko mtandaoni, najua, lakini kule hakuna anayekuambia nani anapiga gitaa la pili, mji gani, tarehe ngapi. Mimi hayo ndiyo yananikosesha usingizi. Nianzie wapi?

BabaSanturi

Mkuu, kama unachotaka ni nani alipiga nini, nunua la Wajerumani. Bear Family wako kwenye kazi hii tangu 1975, na nyuma ya vitabu vyao kuna orodha ya kila kikao: tarehe, mji, wapigaji, namba ya santuri ya kwanza. Mfano mmoja tu. Tarehe 16 Julai 1930, huko Hollywood, Rodgers alirekodi akiwa na tarumbeta na piano. Lebo ya santuri haikutaja wapigaji. Mwenye tarumbeta ni Louis Armstrong, na kwenye piano ni mkewe Lil. Mtu anaweza kuusikiliza wimbo ule mtandaoni miaka kumi asijue.

Ila mimi nisingeanza na mwanamuziki mmoja, ningeanza na mji. Chukua boksi la Bristol, lilitoka 2011, CD tano. Bristol uko mpakani mwa Tennessee na Virginia. Kiangazi cha 1927 Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifika na maikrofoni za umeme, akapanga jengo lililokuwa la biashara ya kofia, akawaita watu wa milimani waje waimbe. Alikuwa akilipa dola 50 kwa kila wimbo. Carter Family walirekodi tarehe 1 na 2 Agosti, Rodgers akafuata tarehe 4. Ndani ya siku nne, jengo moja! Na kati ya waliorekodi hapo wapo wahubiri, kwaya za kanisa na wapiga harmonika ambao hawakupata jina baadaye. Ukiwasikiliza wote kwa mfuatano ule ndipo unaelewa Rodgers alikuwa tofauti kiasi gani na waliomzunguka.

BintiTanga

Shikamoo Baba Santuri. Kwa heshima zote, hapa tunatofautiana. Kaka ndiyo kwanza anaanza, usimfungie akiba yote kwenye boksi moja.

Kaka Mkericho, bei nafuu ya maboksi ya Uingereza isikutie shaka, haina maana ni ya wizi. Sheria ya Ulaya ilikuwa inalinda rekodi kwa miaka 50. Walipoongeza ikawa 70, zilizokwisha muda hazikurudishwa. Kwa hiyo kila kilichotoka kabla ya 1963 kiko huru kule, na kampuni yoyote inaweza kukitoa. JSP wana maboksi mawili ya Carter Family, CD tano kila moja, 1927 hadi 1934 na 1935 hadi 1941. Hiyo ni sehemu kubwa mno ya kazi yao kwa sehemu ndogo ya bei ya lile la Bear Family lenye CD kumi na mbili.

Cha kuangalia ni usafishaji wa sauti. Kampuni nyingine za bei rahisi huondoa mikwaruzo mpaka fidla inasikika kama inapigwa ndani ya mtungi. Mikwaruzo kidogo ivumilie, ndimo uhai wa sauti ulimo. Kwa bluzi hutakuwa na hiari: vyuma vya asili vya kampuni ya Paramount, vile vilivyotumika kuchapia santuri, havipo tena, kwa hiyo nyimbo nyingi za Charley Patton, mwanabluzi wa Mississippi, zimetolewa kwenye santuri zilizochakaa.

Na kabla ya yote mawili, tafuta mkusanyiko wa Harry Smith, Mmarekani aliyekusanya santuri za zamani. Kampuni ya Folkways waliutoa 1952, Smithsonian wakaurudisha kwa CD sita mwaka 1997. Nyimbo 84. Kampuni za zamani ziliuza santuri za weusi na za weupe kwa katalogi tofauti, Smith akawachanganya wote bila kusema nani ni nani. Hapo utajua masikio yako yanaelekea upande gani, ndipo ufungue pochi.

MzeeMtwapa

Wanangu mmesema vyema. Mimi naongeza la mzigo, maana huko ndiko pesa inakopotelea.

Boksi la Bear Family lina ukubwa wa jalada la santuri na kitabu cha jalada gumu ndani. Ni zito. Likiangushwa njiani kona hubonyea na CD hung'oka. Mwambie muuzaji aweke boksi ndani ya boksi, na uulize forodha mapema kuhusu ushuru na VAT, usije ukakwama posta.

Ukinunua lililotumika, omba picha ya kila CD upande wa chini. Zipo za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zilizogeuka rangi ya shaba, hizo zinaoza, achana nazo. Maboksi ya zamani yakiwa na sponji ndani, itoe siku hiyohiyo, hunata kwenye CD. Huku pwani kitabu kisikae ukutani, ukungu hauna huruma. Kericho baridi na mvua ni nyingi pia, mwanangu.

Mkericho

Asanteni sana, na shikamoo wazee. Ya Armstrong sikuyajua kabisa. BabaSanturi, swali moja: hayo maboksi ya "kamili" si yanarudia wimbo uleule?

BabaSanturi

Marahaba. Ndiyo, wimbo mmoja unaweza kuukuta mara mbili, kama walirekodi zaidi ya mara moja na zote zikasalia. Kwa kusikiliza jikoni inachosha. Kwa mtu wa aina yako ni utamu, unamsikia mtu akibadili ubeti. BintiTanga amesema kweli kuhusu Smith, anza naye. Bristol lifuate.

Mkericho

Basi Smith mwezi huu, Bristol baada ya mavuno ya chai. BintiTanga, yale ya JSP ukisikia mtu anauza Nairobi au Arusha nitumie ujumbe, nitayafuata mwenyewe kwa basi kuliko kuyaweka posta.