Mrejesho: gari lililonizimikia ugenini

Wiki iliyopita niliuliza kama nimkubali fundi aliyesimama njiani au nisubiri gari la kuvuta, baada ya gari langu kuzimika kwenye barabara kuu ya nchi ya kigeni. Nawashukuru mlionishauri nisubiri, kwa sababu fundi yule alikuwa anataka kuniuzia betri mpya, ilhali gereji waligundua kuwa mkanda unaozungusha altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwa inafanya kazi) ulikuwa umekatika, hivyo hata betri mpya ingekwisha chaji baada ya mwendo mfupi. Taa ya betri ilikuwa imewaka kitambo kabla ya gari kuzimika, nami (nakiri kwa aibu) niliipuuza.

Ushauri wa kutoka garini na kukaa nyuma ya kizuizi cha pembeni niliufuata mara moja. Kilichonitesa zaidi ni kueleza mahali nilipo kwa lugha nisiyoijua, hadi nilipomsomea mpokeaji wa simu namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya kilomita na kumtajia mji niliokuwa naelekea.

Kuhusu bima, aliyenitahadharisha alikuwa sahihi: bima ya kuvuka mpaka ilihusu madhara kwa watu wengine tu, na huduma ya kuvutwa ilikuwa kipengele tofauti, ambacho kwa bahati nilikuwa nimekilipia. Matengenezo nimeyagharimia mwenyewe. Stakabadhi ya kuvutwa, ambayo gereji walinigongea muhuri, nimeiwasilisha kwa kampuni ya bima na bado nasubiri malipo.