Samaki gani anakula ukijani wa kwenye kioo? (niko Tanga)

mtuwa_chumbageni
Wakuu salamu. Nina tangi la lita 80 hapa nyumbani Chumbageni, ndani kuna goldifishi wawili na gapi kadhaa, sasa kioo kinashika ukijani balaa, nikisugua Jumapili ikifika Ijumaa kimesharudi vilevile na mawe yanateleza. Dukani wananiambia nichukue yule samaki mweusi anayenata kwenye kioo kwa mdomo, pleko, eti anasafisha kila kitu na wala halishwi. Kweli au wananipiga? Mdogo wangu naye anasema twende Raskazone tukavue vile visamaki vinavyodonoa mwani kwenye mawe, bure kabisa.

bi_makorora
Huyo mdogo wako mwambie asithubutu 😂 wale wa maji chumvi, ukiwatia kwenye maji ya bomba umewaua. Mla mwani tunayemjua sisi watu wa pwani ni tasi, waulize kina mama wanaolima mwani anavyowamalizia kamba zao, lakini tasi mahali pake ni baharini au kwenye kikaango.

fundi_vioo_ngamiani
Ukijani pleko anakula kweli, hapo hawajakudanganya. Wasichokwambia ni kwamba huyo unayemuona saizi ya kidole ni mtoto, yule wa kawaida akikua anafika sentimita 30 mpaka 45, kwao ni mito mikubwa ya Amerika ya Kusini huko, sasa kwenye lita 80 atageukia wapi? Halafu akishakua anakuwa mvivu, ukijani anauacha anasubiri chakula cha wenzie, na kinyesi chake kingi mno, na kinyesi ndo mbolea ya huo ukijani unaoukimbia. Akiwa na njaa usiku anawanata goldifishi ubavuni anafyonza ule ute wao, asubuhi unakuta samaki ana mabaka unadhani ugonjwa.

Na hilo la halishwi ndo linaloua wengi, ukijani ukiisha anakufa njaa kimyakimya. Anatakiwa apewe kipande cha tango au mchicha uliochemshwa kidogo, unafunga na jiwe uzame, unaweka ukishazima taa maana yeye anatembea usiku, asubuhi toa mabaki yasioze.

Kama unang'ang'ania jamii hiyo tafuta yule mwenye ndevu puani, ansistrasi, huyo anaishia sentimita 12 au 15 hivi. Wapo na otosinklasi, vidogo sana, vipole, ila vinataka kukaa kundi na tangi lililokwishazoea, kwenye tangi jipya vinakufa ovyo. Yule wa rangi ya dhahabu wanayemwita mla ukijani wa China muache, utotoni mpole akikua ni mgomvi.

mtuwa_chumbageni
Duh. Na huyo mwenye ndevu atakaa na goldifishi?

fundi_vioo_ngamiani
Joto letu atalimudu mradi pampu ya hewa isizimwe. Wasiwasi wangu ni hao goldifishi, wanapenda maji ya baridi kidogo na wanachafua sana, wawili kwenye lita 80 tayari wamejaa, ukiongeza mtu mwingine unaongeza uchafu tu.

kaka_pongwe
Mbona hakuna aliyeuliza tangi limekaa wapi? Kama liko dirishani jua linapiga utanunua samaki mpaka uchoke. Ukijani unataka mwanga na chakula, basi. Taa iwake kwa muda wa masaa 6 mpaka 8 kwa siku, chakula kiwe cha kuisha ndani ya dakika mbili hivi, robo ya maji ubadilishe kila wiki, maji ya bomba uyaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Kioo sugua na kadi ya benki iliyoisha muda, sabuni usiguse. Na kama maji yenyewe ndo yamekuwa kijani, hakuna samaki wa kunata atakayekusaidia, ule unaelea.

mzee_wa_mbuna
Vijana mnahangaika na wa Amerika wakati mbuna wa Ziwa Nyasa kazi yao ni kukwangua ukijani kwenye mawe! Ila nisiwe mnafiki, ni wakorofi, gapi hawatabaki, na wanataka maji magumu yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.8 kwenda juu. Kwa tangi lako hapana.

bi_makorora
Na mtu pleko akimshinda asimpeleke Mto Zigi jamani. Afrika Kusini walishaingia mitoni huko KwaZulu-Natal, na kuwatoa tena ni kazi. Zigi kuna perege wetu wa asili, na bwawa la Mabayani tunalokunywa linajazwa na mto huohuo.

mtuwa_chumbageni
Kaka Pongwe umenishika, liko dirishani kweli, upande wa jua la asubuhi. Pleko nimeghairi. Leo jioni nalisogeza ukutani na mdogo wangu.

fundi_vioo_ngamiani
Msilibebe na maji!! Lita 80 ni kilo 80 bado kioo na mawe, silikoni, ile gundi inayoshika vioo, ikiachia mtaogelea sebuleni. Samaki watie kwenye ndoo na maji yaleyale ya tangi, toa mawe, ndo mbebe.