Mjadala: Je, mpaka wa mji mkongwe wa Tabora uchorwe kabla viwanja vipya havijapimwa?

Ndugu wachangiaji, mchangiaji wa kwanza amesema kuwa hapa Tabora hakuna cha kulinda, kwa kuwa miji yenye kuta ni ya Ulaya na Uhabeshi, nasi tulikuwa na udongo tu. Wa pili amekubali kuwa kipo cha kulinda, ila anahofia kwamba sheria itamfunga mikono mwenye nyumba. Mimi nasimama upande wa kuchora mpaka, na hofu ya huyu wa pili ndiyo iliyonisumbua zaidi.

Kwanza suala la udongo. Katika karne ya 19 makazi makubwa ya Unyamwezi yalizungushiwa kuta za udongo, maboma ya magogo na ua wa minyaa, kwa sababu zilikuwa zama za vita vya Mtemi Mirambo na za bunduki zilizoingia pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Makao ya mtemi yaliitwa kwikuru, na neno ikulu tunalolitamka kila siku limetoka humo. Kwikuru ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, utemi wa hapa hapa Tabora, iliyahimili mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892, hadi ilipovunjwa Januari 1893, naye Isike akajilipua kwa baruti zake mwenyewe kuliko kutiwa mikononi mwao. Ukuta uliowazuia watu wenye mizinga hauwezi kuitwa udongo tu. Tatizo letu ni kwamba baada ya kuvunjwa hapakuwa na mtu mwenye mamlaka aliyesema kuwa mahali pale pasiguswe.

Je, leo yupo? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na ngome zilizojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo hulindwa pale tu Waziri anapokitangaza. Isike alianza kutawala mwaka 1876, boma la Wajerumani ni la baadaye zaidi, na reli ilifika hapa mwaka 1912. Kwa hesabu hiyo, karibu kila kitu kinachoifanya Tabora iwe Tabora kiko upande usiolindwa wa mstari huo, kikisubiri tangazo. Tembe la Kwihara, nyumba ya udongo yenye paa bapa walikokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa ni makumbusho. Lakini mgeni anayetoka pale na kurudi mjini kupitia mitaa ya Kanyenye au Gongoni hapati alama yoyote ya kumweleza kwamba anapita ndani ya mji ule ule uliolizaa tembe lile.

Hapo ndipo mipango miji inapohitajika, maana sheria ya mambo ya kale hutazama jengo, ilhali mji ni vichochoro, vibaraza, visima, miembe na kimo cha paa. Ufaransa iliweka sheria ya mwaka 1962 ya kulinda mitaa mizima ya kale, na Uingereza ikafuata mwaka 1967. Tusidhani kwamba wenzetu walizaliwa na busara hiyo: halmashauri ya mji wa York iliomba mwaka 1800 ruhusa ya kuzibomoa kuta zake, na ni upinzani wa watu uliozinusuru sehemu kubwa. Karibu zaidi na sisi uko Harar, mji wa Ethiopia uliozungukwa na ukuta wa Jugol wenye malango matano ya kihistoria, ambao uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 huku watu wakiendelea kuishi, kusali na kuuza kahawa ndani yake.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa pili, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Mwaka jana nilisimama na fundi mmoja mzee mbele ya nyumba ya matofali mabichi ambayo mwenyewe, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameipiga lipu ya saruji. Mzee aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukatoa mlio wa debe tupu. Akaibandua lipu kwa ncha ya mwiko, ikatoka kipande kizima, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa na kumomonyoka kama unga. Saruji hairuhusu unyevu utoke. Udongo na chokaa huruhusu. Mwenye nyumba yule alitumia fedha nyingi kuiua nyumba yake, wala hapakuwa na mtu wa kumshauri. Sheria itakayomkataza kubomoa bila kumpa fundi, ushauri na nafuu ya kodi ya majengo itakuwa imemtwika yeye peke yake mzigo wa mji mzima, na hiyo nitaipinga pamoja nawe. Tena Zanzibar, yenye mamlaka ya Mji Mkongwe tangu miaka ya 1980, ilishuhudia sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la kale la mji huo, ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Ulinzi wa karatasi hauzibi paa linalovuja.

Wapo pia wanaosema kwamba nyumba za wafanyabiashara wa watumwa hazistahili senti ya umma. Naelewa uchungu huo, lakini zikibomolewa, atakayefaidika ni yule anayetaka isisemwe kwamba watu wetu walipitishwa hapa wakiwa wamefungwa.

Ninachopendekeza ni kwamba mpango kabambe wa Manispaa uonyeshe kwa ramani eneo la mji mkongwe na la kwikuru ya Isike. Kibali cha ujenzi ndani ya maeneo hayo kipitie pia kwa mtaalamu wa mambo ya kale. Na wakazi waitwe kwenye mikutano ya mtaa kabla mstari haujachorwa, si baada yake. Nyumba inaweza kukarabatiwa hata ikichelewa. Ardhi ya Isike haina ukuta wa kumzuia mpima, na siku mawe ya mipaka yatakaposimikwa pale na hati kutolewa, kila mita tutakayotaka kuirudisha itadai fidia.