Taji la kauri kwa gego: la kuchongwa au la kuchapwa?

Muuliza swali
Habari zenu, wataalamu. Gego langu la kwanza la chini limetibiwa mzizi na sasa linahitaji taji, yaani kofia ya kulifunika. Kliniki moja inapendekeza zirkonia (aina ya kauri ngumu) inayochongwa kwa mashine, na nyingine inasema italichapa taji la kauri kwa printa siku hiyo hiyo, tena kwa bei nafuu zaidi. Naomba kueleweshwa tofauti, kwani upande huo ndio ninaotafunia.

Fundi wa maabara ya meno
Ndugu, zirkonia ya kuchapwa ipo kweli. Unga wa kauri huchanganywa na resini, plastiki ya majimaji inayoganda kwa mwanga, na taji hujengwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa na unene wa maikromita 25 hadi 50 hivi. Hata hivyo, likitoka kwenye printa bado ni dhaifu: resini lazima iunguzwe polepole kwa saa nyingi, kwa maana moto ukiharakishwa taji hupasuka, na ndipo lichomwe kwa takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi. Kwa hiyo ukiahidiwa taji la kuchapwa kabla ya jioni, yaelekea unachopewa ni resini iliyotiwa chembe za kauri, isiyopita tanurini kabisa. Mimi huitumia kwa mataji ya muda. Kwa gego lako nisingeiweka, kwa sababu uimara wake wa kupinda ni kama megapaskali 100 hadi 200, ilhali zirkonia ngumu hupita 900.

La kuchongwa nalo lina kasoro zake. Huchongwa kutoka kwenye kisahani kilicho laini kama chaki, likiwa kubwa kwa asilimia 20 hadi 25 kwa kuwa litasinyaa tanurini, na ncha ya mashine haiingii kwenye kona iliyo nyembamba kuliko yenyewe. Pale kisiki cha jino kinapokuwa na ukingo mkali, mashine hula zaidi upande wa ndani, na uwazi unaobaki hujazwa saruji. Printa haina shida hiyo.

Daktari wa meno
Nakubaliana na fundi, ila niongeze kwamba haraka peke yake si dalili mbaya: lithiamu disilikati huchongwa na kuchomwa siku hiyo hiyo, nayo ni kauri kamili. Lolote utakalochagua, kabla ya saruji daktari apitishe ncha ya kifaa chake ukingoni pote, kisha akupe karatasi ya rangi uiume. Akisaga zirkonia ili meno yaumane vizuri, ailainishe tena mpaka ing'ae, la sivyo italila jino la juu.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimepiga simu kuuliza kama taji lao hupita tanurini, nikajibiwa kwamba huwekwa kwenye kisanduku cha mwanga kwa dakika chache. Nimeahirisha miadi, na nimewaomba waniandikie jina la nyenzo yenyewe.