Mrejesho: kilo zilizokuwa zinanirudia

Wakuu, habari za siku. Niliuliza kwa nini nanenepa tena baada ya kupungua sana, ilhali ugali ni ule ule mdogo na mchicha. Asanteni mliojibu, hata dada aliyesema nakula usiku kwa siri (sili, dada yangu).

Aliyenitajia utafiti wa Kevin Hall wa Marekani, wa mwaka 2016, ndiye aliyenifumbua macho. Walipimwa washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza unene, miaka 6 baadaye. Miili yao ikiwa imepumzika ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa ule. Leptini, homoni ya kuuambia ubongo kwamba akiba ya mafuta ipo, nayo bado ilikuwa chini. Yaani mwili unabana matumizi, na njaa juu!

Kilichonishangaza zaidi: walioweza kulinda uzito hawakuwa wenye umetaboli wa kasi (yaani miili inayochoma kalori haraka), bali walioongeza kujishughulisha.

Basi mtaalamu wa lishe kaniongezea maharage na dagaa, na mazoezi ya kunyanyua vyuma ili misuli isipotee. Daladala nashuka mapema, namalizia kwa miguu. Uzito haujashuka, umesimama, na suruali ya kazini inafungika bila kubana pumzi. Kwangu inatosha.

Vile vidonge vya "kuchoma mafuta", hapana. Ila anayejua jimu ya bei nafuu maeneo ya Tabata anishtue.