MREJESHO: Biogesi iliyokuwa haishiki moto

Asanteni nyote mliojibu kuhusu biogesi yangu (gesi ya kupikia itokanayo na samadi na mabaki yanayooza mtamboni) iliyojaa lakini haishiki moto. Bomba halikuwa na kosa: mtambo ulikuwa umevimbiwa na mabaki ya jikoni, pH (kipimo cha uchachu) 6.2, yaani uchachu umezidi. Nilifuata ushauri wa kuacha kuulisha siku 7 na kutia maji ya chokaa kidogo kidogo. pH ilipofika 7 nikarudisha samadi mbichi ya ng'ombe, ndoo moja ya samadi kwa ndoo moja ya maji. Moto sasa ni wa bluu.

Chujio la nyuzi za chuma zenye kutu, la kuondoa harufu ya gesi, limefaulu nusu tu. Mvuke uliligandisha, gesi ikapita pembeni, na harufu ya yai viza ipo bado. Mtego wa maji, wa kunasa mvuke huo bombani, ulipaswa kutangulia chujio. Tope linalotoka mtamboni nalifukia shambani kama mbolea siku ileile, kwani likianikwa naitrojeni hupotea kama amonia.