Kahawa ya Bukavu na sheria ya vifungashio Ulaya: nishaurini

Mkaanga_Kahawa: Jambo wandugu. Nakaanga kahawa ya kisiwa cha Idjwi hapa Kadutu, Bukavu, naitia kwenye sashe za gramu 250. Sasa nasikia Ulaya kuna kanuni mpya ya vifungashio, inaanza kutumika 12 Agosti 2026, na mwenye bidhaa ndiye hulipia takataka zake. Usingizi umenipaa. Mtu mdogo kama mimi aanzie wapi?

Mama_Nguba: Mwanangu, anzia hapa hapa. Amri ya Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki Kongo nzima, lakini nenda mto Ruzizi uone. Chupa na masashe vinaziba mitambo ya umeme, sisi tunalala gizani. Juzi nimepika sombe kwa mwanga wa simu.

Fundi_Ibanda: Mama, kijana anauliza ya Ulaya. Ndugu, huko nani anauza?

Mkaanga_Kahawa: Shemeji, yuko Köln, Ujerumani. Anauza mtandaoni.

Fundi_Ibanda: Amejiandikisha kwenye daftari lao la wenye vifungashio, LUCID?

Mkaanga_Kahawa: Bado. Na anauza tangu Pasaka. Tena nimeshalipa nusu ya sashe mpya 10,000, zenye alumini ndani. Msinigombeze: bila alumini harufu inaishia njiani. Shemeji alipokea mzigo wa kwanza unanuka gunia.

Fundi_Ibanda: Hilo ndilo ungelitaja mwanzo, ndugu. Ujerumani haingoji 2026. Sheria yao inafanya kazi tangu 2019 na haina kiwango cha chini, hata sashe moja inahesabika. Kujiandikisha ni bure. Kinacholipiwa ni mkataba na kampuni za kukusanya takataka, kwa uzito na aina ya kifungashio. Asiyelipia, faini inaweza kufika euro 200,000. Na mwenye jukumu ni yule ambaye mzigo ni wake unapovuka mpaka, yaani shemeji yako. Alumini iliyogandishwa na plastiki ni ngumu kutenganisha, na kanuni mpya inataka kufikia 2030 kila kifungashio kiweze kurejelezwa. Hizo 10,000 utazimaliza kabla. Oda inayofuata ndiyo ufikirie.

Msema_Wazi: Mnapoteza muda. Kahawa ya Kivu inaondoka mbichi, kwenye magunia. Huyu anatunga hadithi apate wateja.

Mkaanga_Kahawa: Ningekuwa natunga ningesema kontena. Shemeji ameuza sashe 460. Jana usiku nilibisha kwa jirani anayenunua dhahabu, nikapima sashe tupu kwenye mizani yake: gramu 11. Zote ni kilo 5 na kidogo. Jina la kahawa silitaji hapa, sitafuti mteja.

Msema_Wazi: Sawa. Nimekuelewa.

Fundi_Ibanda: Kilo 5 si mzigo wa kukuua. Shemeji ajiandikishe leo, kwa mkono wake, sheria haimruhusu mtu mwingine kumfanyia. Na zile 460 azitangaze pia, asizifiche.

Mkaanga_Kahawa: Nimempigia. Anauliza kama gramu 11 ni pamoja na kile kitundu cha plastiki cha kutolea hewa. Ni pamoja.

Fundi_Ibanda: Na katoni ya kuwatumia wateja kwa posta? Nayo inahesabika.

Mkaanga_Kahawa: Katoni! Ngoja nimpigie tena.